Kilo Moja ya Dagaa na Sanduku la Kufuli Tatu

Mkuu wenu wa kitengo alinisimamisha mbele ya duka la dawa hapa Kasulu, akaniomba niwaandikie ninyi wauguzi wapya maneno mawili matatu kuhusu kazi ya afya ya akili. Nikamwambia maneno mawili matatu sina. Ninayo mengi, na nusu yake ni makosa yangu. Akacheka, akidhani ninamtania.

Basi nianze na kamba. Ninyi mmekuta wagonjwa wanaletwa kwa bodaboda, wamekaa kati ya dereva na ndugu mmoja. Sisi, nilipoanza kazi kule Kibondo, tuliwapokea wamefungwa kamba mikono na miguu. Mgonjwa wangu wa kwanza nilimkata kamba kwa wembe, chap chap, cheti changu bado kinanukia wino, nikajiona mkombozi. Mkuu wangu, Sista Konsolata, alisubiri mpaka watu wakaondoka.

"Ile kamba ilikuwa ya mbuzi," akasema. "Sasa mbuzi wao watamfunga na nini?"

Akanifundisha kwamba kamba haikatwi, inafunguliwa. Unapiga magoti, unalegeza fundo kwa vidole, taratibu, na muda wote huo unamsalimia mtu. Sista alikuwa Muha wa kwelikweli. Alipiga makofi yale madogo ya salamu, "Mwakeye," kisha akauliza habari za nyumbani, za maharage shambani, za mvua, na faili bado limefungwa mezani. Fundo linapoachia, mgonjwa naye ameshaanza kumjibu. Si wote, lakini. Mmoja alinitoka mbio na kamba yake mguuni, na ndugu zake wakaja kuidai kwangu wiki nzima. Mke wangu Feliciana aliwapa kamba yetu ya kuanikia nguo, na kwa miezi miwili tukaanika nguo juu ya ua wa jirani.

Feliciana mtamsikia sana humu, nivumilieni. Alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mwenye kauli ya kukata, na alipenda dagaa kuliko nyama yoyote ya dunia hii. Mimi dagaa siwawezi. Harufu yao tu inanikereketa koo. Wagonjwa wakishapona wana tabia ya kukuletea chochote walicho nacho, na wengi waliniletea dagaa wa ziwani waliokaushwa vizuri. Nilikuwa nawabeba mpaka nyumbani mkono umenyooka mbali na mwili, na Feliciana alinisubiri mlangoni akicheka. "Huyo anakuja na bomu lake," aliwaambia watoto.

Sasa nije kwenye fedha, maana najua ndicho mnachofundishwa siku hizi, na kwa hilo nawapongeza. Zamani hatukuuliza habari za fedha. Tuliuliza unalala, unakula, unasikia sauti. Sista Konsolata ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa akifuma sweta wakati wote wa kliniki, kwa sababu ya baridi ya Kibondo ya mwezi wa sita, na siku moja, bila kuinua macho, akaniambia kwamba mtu ambaye hisia zake hupanda na kushuka utamjua sokoni kabla hujamjua hospitalini. Zikianza kupanda, atanunua. Baiskeli mbili, redio tatu, soda kwa mtaa mzima. Zikishuka, hata chumvi ataona haina maana kuinunua.

Ila aliongeza jambo ambalo mimi nililisikia kwa sikio moja. "Usianze na kiasi gani," alisema. "Anza na kwa nani. Mgonjwa huwa hajui anamnunulia nani. Mzima anajua."

Niliandika kwenye daftari langu. Kuandika na kushika ni mambo mawili.

Mama Dafroza alikuja kwangu baada ya mimi kuhamishiwa Kasulu. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage na dagaa, mkazi wa Kitanga, mtoto wa watu waliokuja wakimbizi kutoka Burundi na baadaye wakawa raia. Mama mwenye mwili, sauti yake unaisikia kabla hujafika gengeni. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa sokoni. Mara ya kwanza aligawa mtaji wote kwa siku tatu, magunia ya maharage akiwapa wapita njia na kuwaombea baraka. Mara ya pili alinunua pikipiki, na hajui kuendesha. Kisha alishuka, akalala kitandani wiki kadhaa akitazama ukuta, huku mwanawe Dafroza akiuza vyombo vya ndani ili wale.

Dawa zilimshika vizuri, lakini dawa peke yake hazikulinda mtaji. Tukakaa chini, mimi na yeye, siku aliyokuwa mzima kabisa, tukaandika karatasi. Hii karatasi mnayo leo kwenye fomu zenu za kupendeza. Sisi tuliiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Dalili zangu zinaanza hivi. Watu wa kuniambia ukweli ni hawa. Kitu chochote cha bei kubwa, nitasubiri siku mbili ndipo ninunue. Namba ya siri ya simu nitaibadilisha mbele ya Dafroza. Kisha akaweka la kwake mwenyewe, ambalo sikulifikiria. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wenye sanduku la chuma la kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti. Akasema akiba yake yote ihamie humo.

"Nikianza kununua vitu kumi kumi," aliandika kwa mkono wake, "wenye funguo wasinifungulie mpaka Dokta anione."

Dokta ni mimi. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote na sijawahi kufaulu kumzuia mtu wa Kasulu kuniita dokta.

Karatasi ile ilifanya kazi kwa miaka. Nilijivuna nayo. Niliitaja kwenye semina, nikapewa chai na sambusa. Ndipo ukaja mwaka ambao mama mzazi wa Mama Dafroza alikuwa ametimiza mwaka kaburini.

Siku moja ya kliniki nilikatiza sokoni nikamkuta Mama Dafroza anapakia mkokoteni. Vitenge kumi na viwili, vya rangi moja. Magunia ya mtama. Mbuzi wawili wamefungwa pembeni. Madumu ya pombe ya ndizi sikuyamaliza kuyahesabu. Anaongea haraka, anatoa jasho, anamkaripia msukuma mkokoteni.

"Mama Dafroza, vyote hivi ni kiasi gani?" nikamuuliza.

"Yemwe! Nyingi, Dokta. Na bado. Kesho nafungua sanduku."

Nikamuuliza kama amelala usiku uliopita. Akasema kidogo tu, ana mambo mengi. Vitu kumi kumi, usingizi hakuna, mdomo unakimbia. Nilijiona nimemkamata nyoka kabla hajauma. Nilimpigia Bi Zuhura, mwenye duka la vyombo, ambaye alishika ufunguo mmoja, nikamwambia wasifungue. Bi Zuhura ana asili ya pwani na Kiswahili chake kimenyooka.

"Dokta, mimi sijaridhika," akanijibu. "Mwenzetu simuoni kama anaumwa. Ila wewe ndiye mjuzi, tutafanya ulivyosema."

Hawakufungua sanduku. Kesho yake, Ijumaa, Mama Dafroza alikuja kituoni amefura hasira. Alipiga meza. Aliongea maneno mengi kwa Kirundi na Kiswahili pamoja, kuhusu mama yake, kuhusu wageni, kuhusu aibu. Na mimi, vijana wangu, nilikuwa naandika kwenye faili: anaongea haraka, amekasirika bila sababu. Jihadharini na hili kuliko yote niliyowaandikia. Ukishaamua kwamba mtu anaumwa, kila atakalosema litaingia kwenye orodha yako ya dalili, hata akikuomba maji. Nilimpigia daktari wa zamu nikamweleza nilivyoona mimi, naye akaidhinisha sindano ya kutuliza.

Aliitazama sindano. Akaketi, akatazama chini, akapandisha gauni begani.

"Nikichomwa, utaamini mimi ni mzima? Wataenda kufungua?"

"Tutaona ukishatulia," nikasema.

"Ego," akasema. Ndiyo. Akageuza uso.

Ile Jumamosi ilikuwa siku ya kuganduka, yaani kuondoa matanga ya mama yake. Kwa watu waliotoka Burundi, marehemu akishatimiza muda wake, ukoo unakusanyika, wanakula na kunywa pamoja, wafiwa wanavaa nguo mpya, na kuanzia hapo wanaruhusiwa kurudi kwenye maisha. Bila hivyo msiba haujaisha. Vitenge kumi na viwili vilikuwa vya mabinti na wakwe. Mtama na pombe ni vya wageni, na wageni walikuwa njiani tayari, wengine kutoka Munanila, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Fedha za sanduku zilikuwa za kumalizia malipo ya vyakula. Yale ambayo hayajalipiwa, wauzaji waliyachukua Ijumaa jioni, pamoja na mbuzi. Nilisimuliwa yote na Dafroza. Wageni walikula ugali na maharage. Mama Dafroza, mwenye shughuli, alikuwa kwenye kiti uani, kichwa kimelala begani, mate yanamtoka, hawezi kufumbua macho kwa sababu ya sindano yangu. Mkubwa wa ukoo alisema matanga hayaondolewi na mtu aliyelala. Wakaondoka kabla ya jua kuzama.

Nilipanda gari kwenda Kibondo kwa Sista Konsolata. Alikuwa amestaafu, amekaa uani na sweta lake, nadhani lilikuwa la tano tangu nimjue. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuuliza ni kwa nani?"

"Nilimuuliza ni kiasi gani."

Aliweka chini sindano zake za kufumia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinisindikiza mpaka barabarani, akinishika mkono muda mrefu kama tunavyoshikana kwetu, na akasema niende Kitanga kwa miguu yangu, nisitume simu.

Nilikwenda. Feliciana alisema hatakubali niende peke yangu kuomba radhi kama mtu aliyetumwa na ofisi, akafunga cherehani akanifuata. Mama Dafroza alitupa viti. Nilisema nimekosa. Sikusema "tumekosa", wala sikutaja daktari. Feliciana akainuka, akaenda kukaa mkekani karibu naye, akamuuliza habari za marehemu: alikuwa mtu gani, alipenda nini. Mama Dafroza akaanza kusimulia. Alisimulia mpaka tukapikiwa chakula, na chakula kilikuwa dagaa. Feliciana alikula sahani yake na yangu, huku akimweleza mwenyeji kisa cha bomu. Hapo ndipo mara ya kwanza nilimsikia Mama Dafroza akicheka tena.

Tulipokuwa tunaaga alileta ile karatasi ya kalenda. "Ongeza mstari, Dokta," akasema. "Andika: kabla ya kufunga sanduku, niulizeni nanunua kwa ajili ya nani. Nikishindwa kumtaja mtu, fungeni. Nikimtaja, fungueni."

Niliandika. Mwaka uliofuata alikusanya upya, wenye funguo wakafungua, na mama yake akaondolewa matanga kwa heshima. Feliciana ndiye aliyeshona vile vitenge. Mimi nilikaribishwa, nikawekwa mbali na wazee wa ukoo, nikaona ni haki.

Miaka mingi ilipita hapo katikati. Siwezi kuwasimulia yote na ninyi mna foleni. Nilistaafu, nikalipwa mafao, nikawaambia watoto baba yenu ni mtaalamu wa matumizi, msiwe na wasiwasi. Kila kitu nilikigawa kwenye mafungu: ya paa, ya matibabu, ya ada za wajukuu. Feliciana alinicheka kwamba nimeupangia mshahara mpaka mswaki. Kisha akaugua, haikuchukua muda, akafa.

Watoto waliuliza habari ya kuondoa matanga. Nikasema hapana. Nikasema hayo ni gharama, mama yenu alikuwa mtu wa kisasa, fedha zilipe ada. Nilisema kwa sauti ya semina. Ukweli ni kwamba sikutaka siku ije ambayo watu watasema sasa imekwisha.

Nilijua kila kitu kuhusu huzuni. Nimekaa nao wajane na wagane wangapi mezani pangu! Niliwaambia walale kwa saa zile zile, watembee, waongee na mtu. Nyumbani kwangu nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, sivuki mstari. Nikipita kwenye cherehani yake naifuta vumbi, nazungusha gurudumu mara moja, kisha naondoka. Na kila siku ya soko nilikwenda kwa Mama Dafroza nikanunua kilo moja ya dagaa. Nilikuwa nawabeba mkono umenyooka mbali na mwili. Nilifika mlangoni, nikasimama pale hatua moja kabla ya kizingiti, nikisubiri. Kisha naingia, nawamimina kwenye gunia chumba cha cherehani. Fungu la matibabu liliisha kwanza, nikahamia fungu la paa, maana baada ya dagaa nilianza na vitenge, na nyuzi za rangi alizozipenda, na sukari ya watu wawili.

Wanangu waliangalia miamala kwenye simu yangu wakaniuliza nimetumia kiasi gani. Niliwajibu kwa usahihi, mpaka senti. Wakaridhika kwamba akili ya mzee iko sawa.

Mama Dafroza hakuniuliza hivyo. Siku ile alikuwa ameshajaza mizani. Alinitazama, akawarudisha dagaa kwenye beseni lake, wateja wengine wakiwa nyuma yangu.

"Dokta, wewe dagaa hauli," akasema kwa sauti ndogo, na yeye sauti ndogo hana. "Unamnunulia nani?"

Mdomo wangu ulifunguka. Jina lilikuwa pale. Sikuwahi kulitamka tangu tumzike. Nilikuwa nikisema "marehemu", nikisema "mama yao". Nilisema "Feliciana." Mama Dafroza alizunguka meza, akanikalisha kwenye gunia la maharage, akawafukuza wateja wake mwenyewe. "Oya, oya, hapana, leo sijafungua," aliwaambia. Nililia pale mbele ya soko zima, mtu mzima wa mvi, na sikuona aibu hata kidogo.

Alinileta kwenu Alhamisi iliyofuata. Ninyi mnaikumbuka siku hiyo, kwa sababu mmoja wenu alinipisha kiti cha wafanyakazi nami nikakataa, nikakaa kwenye benchi. Benchi lile nililiagiza mimi mwenyewe, na sikujua kwamba ni gumu kiasi kile. Mlinipokea vizuri. Fomu yenu ina maswali tisa, nimeyajibu yote. Kijana mwenye miwani aliniwekea kwenye simu programu ya kurekodi matumizi na hali ya moyo kila siku, na naitumia, msidhani siitumii. Nakuja kila wiki kuongea, na inanisaidia. Nalala. Sukari nanunua ya mtu mmoja.

Na matanga tuliondoa. Mama Dafroza hakuniomba ruhusa. Alikwenda kwenye kikundi chake akasema anataka kufunguliwa akiba, wakamuuliza kwa ajili ya nani, akawaambia. Bi Zuhura alikuja na ufunguo wake na hodi ya kipwani, akaniambia safari hii ameridhika. Wanangu walivaa nguo mpya. Lile gunia la dagaa lilitolewa chumba cha cherehani likapikwa lote, na mimi nikala sahani nzima, koo linakereketa, machozi yananitoka, watu wakidhani ni pilipili.

Lakini nisiwadanganye kwamba imekwisha. Nina hamu na mke wangu. Nina hamu na Sista Konsolata, ambaye naye ametangulia, na faili lililofungwa mezani huku salamu zikiendelea. Bado zipo siku za soko ambazo najikuta njiani na kilo moja ya dagaa, mkono umenyooka, na programu yenu inawaka nyekundu kuniambia nimezidisha fungu la chakula. Mkikutana nami siku hiyo, msinipigie daktari, wala msiwapigie wanangu. Nisimamisheni, mnisalimie kwa makofi, kisha mniulize ni wa nani. Nina hamu sana ya kulitaja jina lake.